Zawadi za kununua Muscat

Dada, kama una siku moja tu Muscat na unataka zawadi za Kiarabu za asili, nenda soko la Mutrah jioni. Mchana maduka mengi hufungwa. Anza na ubani. Ulizia hojari, ubani wa daraja la juu wa Dhofar, kusini mwa Oman: vipande vyeupe vyenye ukijani kidogo ni ghali kuliko vya kahawia, na havina uzito wa kukusumbua safarini. Kofia nazo nzuri, ila igeuze ndani uangalie mishono, za mashine ni nyingi. Jambia la fedha halisi lina bei, mie nisingenunua. Ukinunua, liweke kwenye begi la kupakia, la mkononi watakunyang'anya. Na jaribu Kiswahili! Wapo Waomani watakaokujibu kama uko Unguja.