Waulize walioachwa kituoni

Modeli yangu ya kwanza ya kompyuta, ya kuigiza safari za vipanya vya kuitwa kwa simu, ilinifurahisha mno. Nilichukua njia ya Goba hadi Mwenge, hapa Dar, nikaweka Hiace 20 na maombi ya asubuhi, nikabonyeza. Wastani wa kungoja: dakika 6. Nilimpelekea mkubwa wangu kazini kabla hata sijanywa chai.

Akauliza swali moja tu: "Wangapi hawakupanda?"

Sikuwa na jibu. Nilipofungua faili la matokeo nikakuta karibu theluthi ya maombi imekataliwa. Mwenyewe nilikuwa nimeiamuru programu kwamba abiria asingoje zaidi ya dakika 10, kwa hiyo asiyefikika ndani ya muda huo ilimfuta. Dakika 6 zilikuwa za waliobahatika.

Wewe unayeanza kazi hii, tafuta safu ya waliokataliwa kabla ya kutazama kitu kingine.

Programu isikupotezee wiki. MATSim na SUMO, zinazoigiza safari za watu na magari, zote ni za bure. MATSim ina moduli ya usafiri wa kuita tayari. SUMO ni nzuri ukitaka kuona gari moja moja likibanwa kwenye makutano. Ramani utaitoa OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, na kwa Dar tuna bahati: tangu 2015 vijana wa Ramani Huria wamepita mitaa mingi kwa miguu wakiichora. Ila njia kuwepo kwenye ramani hakuna maana kwamba Hiace itapita masika.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kwenye safari za kurudi. Nilikuwa nimegawa abiria sawasawa, nusu wanakwenda, nusu wanarudi, kana kwamba asubuhi kuna watu wanaokimbilia Goba kazini. Nikaenda kusimama kituoni saa 11 na nusu alfajiri na daftari. Konda mmoja akanitazama nikihesabu vichwa, akacheka: "Kaka, kwenda tunajaza, kurudi tunabeba upepo. Hesabu ya bosi inatoka kwenye kwenda."

Yeye alikuwa na modeli bora kuliko yangu. Dereva, tairi na mkopo wa gari havijui kama siti zimejaa. Tuseme saa moja ya gari inagharimu shilingi 24,000. Hiace ya abiria 14 inatumia dakika 45 kwenda, maana inazunguka kuwachukua mmoja mmoja, na dakika 30 kurudi tupu. Hao ni watu 11 hivi kwa saa. Nauli inapita 2,000, na daladala inapita palepale kwa chini ya nusu ya hiyo. Hesabu hii unaifanya nyuma ya bahasha, na ifanye kabla hujawasha kompyuta. Modeli ikikupa jibu zuri kuliko bahasha, ishuku modeli.

Soma pia habari za Kutsuplus, huduma ya mabasi madogo ya kuitwa ya Helsinki, Finland. Ilianza 2012, ikafikia mabasi madogo 15, ikafungwa mwisho wa 2015. Teknolojia haikuwa tatizo. Kompyuta iliunganisha safari vizuri tu. Lakini magari 15 katika jiji zima ni machache: ukiita, ni nadra kukuta mwenzako anayeelekea upande wako kwa wakati huohuo, na ruzuku kwa kila safari ikawa nzito. Ndiyo maana usipime idadi moja ya magari. Pima 15, 50, 150, ukiongeza na maombi pamoja nayo. Ukiongeza magari peke yake unanunua upepo zaidi. Na kila jaribio lirudie kwa mbegu tofauti za namba nasibu, yaani namba ya kuanzia ambayo programu hutumia kubahatisha mambo ya asubuhi hiyo, angalau mara kumi, maana asubuhi moja ya bahati hudanganya.

Siku hizi jedwali langu linaanza na waliokataliwa, zinafuata kilomita tupu, kisha abiria kwa saa ya gari. Muda wa kungoja uko safu ya tano. Mteja mmoja alishaniuliza kama nimeusahau.