Mbona Walinyamaza Nilipotaja Saa?

MUULIZE MAMA MKALIMANI

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa vinyago hapa Mwenge, kazi niliyorithi kwa marehemu baba. Wiki iliyopita walinijia Wachina watatu wenye maduka Kariakoo. Jumuiya yao inataka kumkabidhi kiongozi mmoja wa mkoa zawadi ya kumbukumbu ya mpingo, maana anahamishwa kituo cha kazi. Nikapendekeza saa kubwa ya ukutani, niizungushie tembo wa kuchonga. Kijana aliyekuwa akitafsiri akanitazama tu, kimya. Mzee wao alipolazimisha aambiwe, akatikisa kichwa, wakaaga. Wamesema watarudi Jumamosi. Nimekosea wapi, na niwachongee nini?
Fundi, Mwenge

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa Kichina, kumpa mtu saa ni "song zhong", na matamshi yake ni yaleyale ya kumsindikiza mzazi anapokata roho, hadi kumzika. Maandishi ni tofauti ila sikio halioni maandishi. Hebu fikiria jumuiya nzima imtamkie mheshimiwa maneno hayo mbele ya kamera, tena siku anapoaga! Yule kijana alikustahi sana. Saa ya mkononi haina neno, ina jina lingine.

Wachongee kibao cha mlalo. Katikati herufi nne kubwa, watakuletea wenyewe. Jina la anayepewa hukaa pembeni kulia, la watoaji na tarehe kushoto. Jina la mheshimiwa usilitie rangi nyekundu, kwao jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Tia rangi ya dhahabu; juu ya mpingo itawaka.

Ule upande wa kushoto, mwanangu, nakuomba uuhangaikie kuliko yote. Mafundi wengi huubana, jina la kiongozi likatawala ubao mzima na waliochanga wakasomeka kama chapa ya kiwanda. Nikiwa mwanafunzi Shanghai tulipelekwa kuiona nyumba ya Sun Yat-sen, rais wa muda wa Jamhuri ya China mwaka 1912. Mtu huyu alianzishia chama chake cha kwanza cha mapinduzi Honolulu, mwaka 1894, na harakati zake zilibebwa sana na michango ya Wachina wa ughaibuni, wale wanaoitwa "huaqiao". Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, ina bustani ya majani mbele. Alihamia humo mwaka 1918 na mkewe, Soong Ching-ling. Walioinunua wakampa ni Wachina waliokuwa wakiishi Kanada.

Nilisimama pale kwenye majani nikawawaza watoaji. Miaka hiyo Mchina akitaka kuingia Kanada alitozwa kodi ya kichwa ya dola 500. Wengi walikuwa wafua nguo na wapishi. Watu wa hali hiyo walichanga, wakavusha bahari nyumba nzima! Tangu siku ile, kila ninapotafsiri kwenye hafla ya makabidhiano, jicho langu huenda kwanza kwa watoaji. Hao wenye maduka Kariakoo nao wako mbali na kwao. Waachie theluthi nzima ya ubao, wakitaka kuandika majina yote waandike.

Yapo na ya huku kwetu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ina masharti ya kiongozi kutamka zawadi anazopewa. Kwa hiyo waandikie risiti yenye bei halisi, hata wakikuomba uishushe. Utamsaidia mheshimiwa na utajisaidia mwenyewe.

Kuhusu gogo, wewe ndiye mjuzi. Ila ofisi za wakubwa zina kiyoyozi mchana kutwa, na nimeshaona ubao wa mpingo mbichi ukipasuka ukutani, ufa ukapita katikati ya jina. Tafuta kipande kilichokauka, ncha zake uzizibe kwa nta.

Jumamosi wakija, usianze na patasi. Chora herufi kwa penseli kwanza, mpe yule mzee azipitie moja moja kwa kidole. Katika Kichina kijistari kimoja kikizidi, neno linakuwa lingine.