Kidole, dau na mji wa Jinja: barua kwa mwanangu anayekwenda kwenye chemsha bongo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya Jumapili niliisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa miwani. Unasema umeitwa. Ulifanya ule mtihani wa kwenye kompyuta wenye maswali 50, kila swali na sekunde zake 15, ukafaulu, ukasailiwa, ukakaa zaidi ya mwaka bila kusikia lolote hata ukasahau, na sasa wanakutaka California mwezi ujao ukashiriki Jeopardy!, ile chemsha bongo ya televisheni ya Marekani. Kisha unaniuliza mimi, mwalimu mstaafu wa Jiografia niliyejikalia zangu hapa Tanga: "Mama, katika wiki nne zilizobaki nisome nini? Naogopa kuaibika mbele ya nchi nzima."

Soma kidogo kuliko unavyodhani, mwanangu, na muda unaobaki ufanyie mazoezi kidole na hesabu. Najua jibu hili ni la ajabu kutoka kwa mtu aliyekufungia redio miaka mingi ili usome, kwa hiyo nivumilie nikueleze nimelipata wapi.

Unakumbuka nilipokuja kukusaidia ulipojifungua, kila jioni saa moja na nusu tulikuwa tunakaa sebuleni na mtoto mapajani kutazama kipindi hicho. Wewe ulikuwa unasinzia, mimi nilikuwa na daftari. Nilichora miraba 61 kwa kila kipindi, mmoja kwa kila dokezo linalosomwa, yaani 30 ya duru ya kwanza, 30 ya duru ya pili na mmoja wa mwisho, na ndani ya kila mraba nikaweka alama ya vema nilipojibu kabla ya washindani, mkasi nilipokosea, na duara nilipolijua jibu lakini nikalitamka baada ya mtu mwingine kulisema. Daftari hilo ninalo hadi leo. Nimelifungua tena juzi baada ya barua yako, na kurasa karibu zote zimejaa maduara. Bibi mzima nilikuwa nikijisifu kwamba ninajua mengi, kumbe nilikuwa ninajua mengi kwa kuchelewa.

Wale watatu wanaosimama nyuma ya meza karibu wote wanajua, maana asiyejua ameshachujwa kwenye mtihani. Ndiyo maana ukitazama vizuri mikono yao, utaona vidole gumba vitatu vikibonyeza kwa pamoja huku taa ikiwaka kwa mmoja tu, na wale wawili wengine watazamaji wanawadhania hawakujua kitu. Kitufe cha kuombea nafasi ya kujibu hakifanyi kazi mpaka mwendesha kipindi amalize kusoma neno la mwisho. Hapo mtu aliyekaa pembeni ndiye anayekifungulia njia, na taa zilizo kandokando ya ubao huwaka. Ukibonyeza kabla ya hapo, kinafungwa kwako kwa robo sekunde, na robo sekunde pale ni muda mrefu kuliko foleni ya benki. Mwaka 2011 kompyuta iitwayo Watson ilipowashinda mabingwa wawili wakubwa, Ken Jennings na Brad Rutter, lalamiko kubwa la watazamaji lilikuwa hilohilo, kwamba mashine haichelewi kubonyeza. Kwa hiyo chukua kalamu ya kubofya, simama wima kama utakavyosimama siku hiyo, tazama vipindi vya zamani, na ubofye pale tu sauti inapokata. Fanya hivyo kila siku hata mumeo akikucheka.

Nasema hivi kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwanzoni mwa 1979 nikiwa kidato cha tano, shule yetu iliingia kwenye mashindano ya chemsha bongo yaliyorekodiwa kwa ajili ya redio, kwa kuwa huku Bara televisheni hatukuwa nayo wakati ule. Kila timu iliwekewa kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye kipande cha ubao. Vita vya Kagera vilikuwa vikiendelea na jina hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu, basi muuliza maswali alipoanza, "Mto Kagera huingia katika ziwa ambalo...", mimi sikusubiri, nilipiga kengele kwa nguvu hadi ubao ukaruka, nikatamka, "Ziwa Victoria!" Yule bwana akanitazama kwa huruma, akamalizia kusoma: "...ambalo hutoa mto mmoja mkubwa. Mto huo huanzia karibu na mji gani?" Wenzetu wakajibu Jinja, taratibu kabisa, tukashindwa kwa alama moja. Ramani hiyo nilikuwa nimeichora kwa mkono wangu wiki mbili kabla, na Jinja nikaiwekea kidoto chekundu mahali Nile inapotoka ziwani. Sasa unajua kwa nini mjomba wako ananiita Jinja. Na kuhusu aibu uliyoiuliza, ndiyo hiyo yote iliyobaki: mtu mmoja na jina moja la utani, miaka zaidi ya arobaini na mitano baadaye. Walioshinda siku ile majina yao siyakumbuki hata mimi.

Kuhusu masomo yenyewe, usipoteze muda kwenye miji mikuu, milima na mito. Hayo nilikutia kichwani kabla hujaota meno ya utu uzima. Biblia babu yako alikusomea, na dawa na miili ya watu ndiyo kazi yako. Pengo lako liko kwingine, na daftari langu linalionyesha wazi, kwa sababu mikasi yangu yote imerundikana mahali pamoja: peremende za utotoni mwao, nyimbo wanazoimbiwa watoto wao wadogo, besiboli, matangazo ya biashara ya miaka ya themanini, majina ya maduka. Hayo hayamo katika kitabu chochote utakachokiazima maktaba. Yamo vichwani mwa wale wauguzi wenzako wenye umri wangu, na ukikaa nao wakati wa chakula cha mchana ukawauliza walikuwa wakila nini na kutazama nini walipokuwa na miaka kumi, watakusimulia hadi mkeshe.

Hata bingwa mwenyewe aliangushwa na jambo la namna hiyo. Ken Jennings alishinda mara 74 mfululizo mwaka 2004 na kukusanya dola 2,520,700. Katika mchezo wa 75 dokezo la mwisho liliitaja kampuni ambayo wengi wa wafanyakazi wake 70,000 wa msimu hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Yeye akaandika FedEx, wale wasafirisha vifurushi; jibu lilikuwa H&R Block, kampuni inayowajazia watu fomu za kodi, yenye ofisi ambazo bila shaka unazipita ukienda kazini. Mtu aliyejua wafalme na vipengele vya kemia alikwama kwenye kibao cha barabarani.

Lakini mchezo ule haukuanza kumponyoka pale. Aliingia duru ya mwisho, ambamo kila mmoja huweka dau kwenye dokezo moja, akipata huongezewa na akikosa hukatwa, akiwa na dola 14,400, akifuatwa na Nancy Zerg mwenye 10,000. Kabla ya hapo alikuwa amekosa miraba miwili ya Daily Double, ile iliyofichwa ambamo aliyeuchagua mraba hujibu peke yake na kuweka dau analotaka. Bila makosa hayo angekuwa mbali mno asifikiwe. Zerg akaweka dau la dola 4,401. Itazame tarakimu hiyo ya mwisho: akipata, anafika 14,401, dola moja juu ya Jennings. Alipata. Jennings alikuwa ameweka 5,601, akabaki na 8,799, na siku zake zikaishia hapo.

Hesabu hizi ndizo nataka uzikalie kitako usiku, maana watu wenye elimu kubwa huzifanya vibaya wakiwa wamesimama na moyo unawadunda. Tuseme umeingia duru ya mwisho ukiwa wa pili na dola 14,000, wa kwanza ana 18,000, na wa tatu ana 3,000 ambazo hata akizizidisha mara mbili hazimfikishi popote. Wa kwanza anajua kwamba unaweza kufika 28,000, kwa hiyo ataweka dau la 10,001. Akikosa, anabaki na 7,999. Basi wewe ukiweka dau lisilozidi 6,000, hata ukikosa unabaki na 8,000 na umemshinda kwa dola moja, ingawa nyote wawili hamkulijua jibu. Wengi walioko nafasi hiyo huweka fedha zao zote kwa ushujaa, wakakosa, wakabaki na sifuri ubaoni. Wa kwanza akipata jibu, amekushinda hata ungefanya nini. Kwa hiyo jipange kwa ajili ya siku atakayokosa. Andika mifano kumi ya namna hii uipige mwenyewe kwa kalamu, bila simu.

Na kumbuka kwamba kule kukosa kuna gharama, tofauti na kengele yetu ya baiskeli. Mraba wa dola 2,000 ukiukosea, unakatwa 2,000, na mwenzako akiuokota anaongezewa 2,000, hivyo kati yenu limefunguka pengo la 4,000 kwa pumzi moja. Jibu ambalo liko nusunusu kwenye ulimi mwanzoni mwa mchezo liache lipite. Mwishoni, ukiwa nyuma sana, hapo lirushe.

Umegusia kwamba mumeo anasema michezo hii yote hupangwa. Mwambie hajakosea sana, ila amechelewa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1950 kipindi kiitwacho Twenty-One kilikuwa kikimpa mshiriki majibu kabla na kumwelekeza hata namna ya kujifuta jasho, mpaka mwaka 1959 Charles Van Doren, kijana msomi aliyependwa nchi nzima, akakiri mbele ya Bunge lao, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuufanya mchezo huo mchafu kuwa kosa la jinai. Jeopardy! yenyewe ilizaliwa kutokana na fedheha hiyo. Merv Griffin alikuwa akimlalamikia mkewe Julann kwamba hakuna televisheni itakayothubutu tena kurusha chemsha bongo, mama yule akamwambia: basi wape majibu, wao watafute maswali. Akampa mfano, 5,280, na jibu likawa ni futi ngapi zilizomo katika maili moja. Kipindi kilianza Machi 1964, na ndiyo maana hadi leo utalazimika kujibu kwa kuuliza. Julann ndiye aliyelitoa wazo, na jina kubwa akabaki nalo mume. Hilo nalo mwambie mumeo.

Mengine ni madogo. Wanarekodi vipindi vitano kwa siku moja, kwa hiyo beba nguo za kubadilisha, maana ukishinda utaambiwa uvae nyingine haraka, ionekane ni siku nyingine. Nakushauri viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kunywa maji, kula chakula cha mchana hata kama hakipiti. Usiwaogope wenzako katika chumba cha kusubiria kwa sababu ya vyuo walivyosoma. Wao nao wanakutazama hivyohivyo na kujiuliza huyu wa Tanga anajua nini.

Najua pia kwamba hamruhusiwi kusema matokeo hadi kipindi kirushwe. Basi usiniambie mimi, na hasa usimwambie baba yako, kwa kuwa siri ikimfikia yeye usiku, asubuhi imeshafika sokoni Ngamiani. Nitumie kipindi chenyewe kikishatoka, nami sitakitazama hadi mjomba wako awe amefika na kuketi. Miraba 61 nimeshaichora kwenye ukurasa mpya, na kalamu nimeijaribu, inabofya vizuri.

Mama yako