Mama, Hizo Hela Usizikope: Macho ya Mwanao na Chupa za Lishe

Wiki iliyopita aliniandikia msomaji mmoja, mama wa watoto watatu kutoka Morogoro. Mwanawe wa kiume ana miaka 11. Giza likiingia anapapasa ukuta. Mchana anajikwaa kwenye ndoo iliyo miguuni pake, ilhali basi likija kwa mbali anasoma limeandikwa nini. Daktari amempima na kusema ni retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa macho wa kurithi, na kwamba dawa ya kuuponya haipo. Siku mbili baadaye jirani akaja na chupa tatu za virutubisho, shilingi 210,000, mtoto ataona baada ya miezi sita. Mwisho wa ujumbe ameandika: "Kaka, nikope?"

Simu ndiyo inayonisomea siku hizi. Ilipofika kwenye neno hilo nikaizima, nikakaa kimya muda mrefu.

Usikope, dada yangu. Na nikikuambia kwa ukali unisamehe, kwa sababu ugonjwa huo na mimi ninao, na chupa kama hizo nilizinywa miezi kumi na minne.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Utotoni, jioni, tulikuwa tukicheza kombolela mtaani, na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kukamatwa kila siku, kwa sababu wenzangu walikuwa wanaona pa kujificha na mimi naona weusi mtupu. Rafiki yangu mmoja akawa ananishika mkono tunajificha pamoja. Nilidhani watu wote gizani wako kama mimi, ila wao ni hodari zaidi.

Kule Pangani nilikuwa na mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa haoni kabisa. Ndugu wa upande wa baba walisema ukoo wa mama una laana ya macho, na walisema mama akiwa anasikia. Miaka mingi baadaye ndipo daktari alinichorea mstari wa familia yetu kwenye karatasi. Kwetu ugonjwa unapita kwa mama: mwanamke anaubeba kwenye jeni zake, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, mara nyingi bila yeye mwenyewe kupofuka, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Familia nyingine hurithi kwa njia nyingine, wapo wanaoupata kwa sababu baba na mama wote wamebeba jeni mbovu bila kujua. Hakuna laana hapo. Mama alifariki kabla sijamsomea karatasi ile, na hilo bado linaniuma.

Ugonjwa wenyewe unaanza na chembe za jicho zinazoona gizani, halafu unakula pembeni kuja katikati, hadi mtu anaona kama anayechungulia kwenye bomba. Niligunduliwa nikiwa na miaka 26, mwalimu wa Jiografia. Kabla ya hapo niliitwa mlevi. Niliwahi kupindua beseni la maandazi la mama wa watu kwenye korido ya shule, akanitukana mbele ya wanafunzi. Nikiingia msikitini kutoka juani, nawakanyaga waliokaa. Mtu ananyoosha mkono anisalimie, mkono uko chini ya pale ninapoona, napita. Wakasema mwalimu ana dharau. Mtu ambaye hajayapitia hayo hajui yanavyomla mtu ndani.

Mama yangu alipigana na chakula. Juisi ya karoti asubuhi, maini kila Ijumaa, mafuta ya samaki kwa kijiko. Watu walimwambia karoti zinarudisha macho, na hawakumdanganya kabisa. Mtoto asiyeona usiku kwa sababu mwili wake umepungukiwa vitamini A, ukimpa vitamini A anaona. Ndiyo maana watoto wetu wa chini ya miaka mitano wanapewa matone yake mara mbili kwa mwaka. Lakini macho ya mwanangu wa Morogoro hayajapungukiwa chakula. Jeni imekosea maelekezo, chembe zinakufa, na karoti haiisahihishi jeni.

Hilo sikulijua. Akaja ndugu mmoja aliyevaa tai, akakaa sebuleni kwetu, akasema "mwalimu, utaendesha gari." Chupa za mwezi mmoja zilikuwa shilingi 180,000. Mshahara haukutosha, nikakopa. Mkopo ukanishinda, mama akauza bangili zake mbili za dhahabu, za harusi yake. Miezi kumi na minne! Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikitazama mnazi wa jirani, nikijiambia leo nauona mpana zaidi. Sikuuona mpana zaidi. Nilikuwa nageuza shingo bila kujijua.

Mwaka 2013 nilizibeba chupa zote nikampelekea daktari wa macho. Alizisoma moja moja. Ndani kulikuwa na vitamini A nyingi na vitamini E nyingi. Akanieleza kwamba mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 601 wa ugonjwa huu: vitamini A uniti 15,000 kwa siku ilionekana kupunguza kidogo kasi ya kuharibika, na vitamini E uniti 400 ilionekana kuiongeza kasi hiyo. Mimi nilikuwa nazinywa zote mbili pamoja, kwa hela ya bangili za mama. Akanipima ini, akaniambia niache siku ileile. Na mwaka 2023 data zilezile zilichambuliwa upya, safari hii na vipimo vya jeni, na faida ya vitamini A haikuonekana.

Vitamini A ya vidonge si mchezo. Ikizidi inaumiza ini, na mjamzito inaweza kumharibia mtoto tumboni. Upo hata ugonjwa mwingine wa macho wa kurithi, unaoitwa Stargardt, ambao wagonjwa wake wanakatazwa vidonge hivyo. Kwa hiyo mtu anayeuza chupa bila kujua mtoto ana jeni gani anacheza na macho ya mtoto wa mwenzake. Muulize jirani yako swali hilo moja, ana jeni gani, umwangalie usoni.

Basi tusile vizuri? Tule, tena sana! Mimi nakula dagaa, vibua, mchicha, kisamvu, matembele, embe likiwa msimu wake, na mawese ndugu zangu wa Kigoma wakinitumia. Nakula hivyo kwa sababu kisukari na presha navyo vinaharibu macho, na mimi sina jicho la ziada la kumpa kisukari. Sivuti sigara. Soda niliacha. Hela ya chupa moja inanunua dagaa na mboga za wiki kadhaa, watoto wote wale, sio mgonjwa peke yake.

Tena usiache kliniki. Wenye ugonjwa huu tunapata mtoto wa jicho mapema, na huo unaondolewa. Nilifanyiwa upasuaji nikiwa na miaka 38 na ukungu mwingi ukaondoka. Bomba langu ni lilelile jembamba, ila kioo chake kimefutwa. Wengine wanavimba katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na hiyo pia ina dawa. Ningekuwa nimekaa nyumbani nikinywa chupa, nani angeniambia?

Najua unataka kuniuliza kuhusu tiba. Ipo moja. Desemba 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba ya kupandikiza jeni nzima ndani ya jicho, na ilitangazwa kwa dola 850,000 kwa macho mawili. Inasaidia walioharibika jeni moja tu, RPE65, na jeni hiyo hairithiwi kwa njia ya kwetu, kwa hiyo mimi si wa foleni hiyo. Lakini nilipoisoma nilisujudu. Nikiwa mtoto hapakuwa na foleni yoyote.

Mjomba wangu wa Pangani alikuwa anaziba nyavu. Wavuvi walimletea, akakaa barazani na redio yake, vidole vinatafuta tundu, na usiku wa manane aliziba sawa na adhuhuri. Nilipompelekea habari ya macho yangu hakunipa pole. Alinipa sindano ya nyavu akasema, "Keti, mwanangu, ufumbe macho." Nilichukia siku ile. Leo nashika fimbo nyeupe, tangu niishike hakuna aliyeniita mlevi, na bado nafundisha Jiografia, ramani iko kichwani.

Kwa hiyo mama wa Morogoro, mrudishie jirani chupa zake. Nenda shuleni umwombe mwalimu amkalishe mwanao mbele, penye mwanga, na umweleze kwa nini mtoto anajikwaa, asije akaitwa mjinga. Mnunulie tochi na kofia yenye ukingo. Dada zake wakikua waambie ukweli kuhusu urithi huu, kwa upole.

Jumamosi jioni nitakupigia. Nipe nizungumze na yeye mwenyewe. Nataka kumuuliza wakicheza kombolela nani anamshika mkono.