Muulize Diwani: Taa Imezima, Mtaro Umeziba, Nibishe Mlango wa Nani?

Mvua imeanza Nakuru na simu yangu imejaa. Sijui ni kwa nini mvua ikinyesha watu wananikumbuka mimi, mzee ambaye kanjo, yaani baraza la mji, aliyokuwa anaitumikia kama diwani ilizikwa Machi 2013 kaunti zilipoingia, lakini meseji zinakuja tu, diwani mtaro, diwani stima, diwani mtoto amekosa basari ya karo. Nimechagua chache. Zile za kuomba nauli pia nimeziona, Mungu anajua.

Mzee habari. Ile taa ya mulika mwizi ya hapa stejini kwetu imezima tangu mwezi wa pili na vijana wananyang'anya watu simu kuanzia saa moja jioni. Tumeenda kwa MCA, mwakilishi wetu wa wadi kwa bunge la kaunti, mara tatu, kila mara anasema ametuma fundi. Fundi hatujamwona. Kwani hiyo taa ni ya nani?
*Mama Chapo, karibu na steji*

Pole sana mama. Taa ni ya kaunti. Kwa Katiba ya 2010 kuna kitu kinaitwa Jadwali la Nne, ndilo linagawa hii ni kazi ya Nairobi, yaani serikali kuu, na hii ni kazi ya kaunti, na taa za barabarani ziko upande wa kaunti pamoja na takataka, masoko, zahanati, chekechea, zimamoto na mitaro ya maji ya mvua. Sasa wewe umebisha mlango wa jirani wa mwenye nyumba.

Wacha nieleze hapa kwa sababu hili ndilo linachanganya watu na sisi wa zamani ndio tuliwazoesha vibaya. Wakati wa kanjo, diwani alikuwa anakaa kwa kamati, na kamati ndiyo ilikuwa inaamua greda kesho iende mtaa gani. Ukinipata kwa hoteli nakunywa chai ukanililia, kesho asubuhi naweza kwenda kugonga meza pale kwa karani wa mji mpaka fundi atoke na ngazi yake. Watu wakaona ndiyo kazi ya kiongozi. Ikaja 2013 wakachagua MCA wakadhani ni diwani amebadilishwa jina na kuongezwa mshahara. Siye! Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza kabisa kuingilia kazi ya utendaji ama kutoa huduma kama vile yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Kazi yake ni kuwawakilisha, kutunga sheria za kaunti, na kuwachunga wale wanaoshika pesa. Akikwambia ametuma fundi, anajigamba na kazi isiyo yake na ile yake inalala.

Fundi anatumwa na upande wa gavana, na mtu wao aliye karibu na wewe ni msimamizi wa wadi. Huyo ana ofisi na ameajiriwa. Enda na barua, usiende na mdomo peke yake. Andika taa iko wapi, ilizima lini, na kama watu wameibiwa wakaripoti polisi weka namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Nakala mbili, moja wapige muhuri ukae nayo. Halafu hiyo yenye muhuri ndiyo unampelekea MCA, umwambie mheshimiwa, tulipeleka tarehe fulani, kimya, tuulizie kwa bunge la kaunti pesa ya taa ilienda wapi. Hapo sasa umempa kazi yake.

Na kitu kingine, angalia vizuri kabla hujaandika. Kama ni taa moja imekufa, pengine ni balbu ama wezi wamekata waya. Lakini mkiona taa zote za barabara zimezima usiku mmoja na kwa nyumba stima iko, hiyo si balbu mama, ulizeni kama bili imelipwa.

Diwani, sisi kila mvua ikinyesha tunatoa maji kwa nyumba na karai. Landilodi wa ploti ya chini amejenga ukuta juu ya mtaro, tukimwambia anasema ako na karatasi zote. Tumshtaki wapi? Na huyu mtu tunaambiwa anajuana na wakubwa.
*Tumechoka na karai*

Kujuana na wakubwa kila mtu Nakuru anajuana nao, hata mimi nilikuwa mkubwa na sasa hakuna anayenipa siti kwa matatu. Tuachane na hiyo.

Maji ya huu mji njia yake ni ile ile tangu zamani. Yanatoka juu Menengai, yanakatiza mji, yanateremka mitaa ya chini mpaka Ziwa Nakuru, na hilo ziwa halina mahali pa kutokea, likipokea limepokea. Tangu kama 2010 limekuwa likipanda, mpaka lango kuu la zamani la mbuga likaingia majini. Udongo nao ni wa jivu la volkano, mwepesi, maji yakikosa mtaro yanajitafutia njia chini kwa chini na siku moja unaamka unapata shimo mahali palikuwa na barabara. Ndiyo maana mimi mtu akijenga juu ya mtaro hapa Nakuru simwoni kama mkorofi wa ploti moja, huyo anaharibia watu wa mtaa mzima hadi flamingo.

Sasa mlango. Kwanza jueni huo mtaro ni wa barabara gani. Kama ni wa ile barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret, hiyo ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kaunti hata ikitaka haigusi. Za ndani ya mitaa, zingine ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, zingine za kaunti, na hapa ndipo watu hurushwa kama mpira, huyu anasema ni wa yule. Msikubali kurushwa kwa mdomo. Mwambieni aandike kwamba si yake, mchukue hiyo barua mwende nayo kwa mwingine.

Kuhusu ukuta, hiyo ni idara ya mipango ya kaunti. Kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, inawapa nguvu ya kumtumia mtu ilani abomoe ama arudishe mahali vile palikuwa. Anasema ana karatasi? Sawa, karatasi za ploti si karatasi za mtaro, na kibali cha kujenga kina ramani, ombeni kuiona. Pigeni picha wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, zote mbili, kwa sababu ukienda na picha ya kiangazi utaambiwa maji yako wapi.

Na nikiwa hapo, mwaka jana nilisimama kwa mtaro mmoja vijana wakizibua nikahesabu vitu vinatoka: pampasi, chupa, kiatu kimoja cha shule, na mifuko ya plastiki, ile ile iliyopigwa marufuku Agosti 2017. Si landilodi aliyeitupa yote.

Mimi niko kidato cha tatu, nilienda kuchukua fomu ya basari nikaulizwa nyumbani tulipigia nani kura. Ni haki?
*Msichana wa Shule*

Si haki, na fomu haiulizi kura, soma uone. Fomu haiuzwi pia. Basari huwa za aina mbili, ile ya mbunge inayotoka NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ile ya kaunti ambayo watu huita ya MCA, na hiyo ya pili kaunti na Nairobi wamekuwa wakivutana juu yake kwa sababu shule za sekondari si kazi ya kaunti. Kwa hivyo mwanangu usitegemee moja, jaza zote mbili, na uende na mzazi ama mwalimu mkuu aandike barua, yule mtu wa kuuliza kura akiona barua ya mwalimu ulimi unarudi ndani.

Mheshimiwa mstaafu, mwanasiasa ametuahidi kisima kirefu kabla ya 2027. Wazee wengine wanapinga ati maji ya chini yanaharibu meno. Ni siasa ama ni ukweli?
*Mzazi wa watoto wanne*

Ni ukweli, na wewe ukiwa mtu wa Nakuru umeyaona hayo meno ya rangi ya chai, pengine kwa kioo. Ni floridi. Maji ya chini huku Bonde la Ufa yanapita kwa mawe ya volkano na yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linasema isipite miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinapita hapo mbali. Mtoto ndiye anaumia zaidi kwa sababu meno ya ukubwani yanajengeka akiwa bado mdogo, ikiingia haitoki. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mpaka kwa mifupa.

Na tafadhali, kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki na maji yanapungua, kwa hivyo unaifanya kali zaidi. Kitu kinachosaidia ni filta ya mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe inachomwa inasagwa na maji yanapita hapo, na si lazima mtafute Ulaya, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya hiyo kazi miaka mingi hapa hapa. Ubaya wake ni kwamba huo mkaa unachoka, lazima ubadilishwe, na mradi ukishazinduliwa na utepe kukatwa hakuna mtu anataka kusikia habari za kubadilisha mkaa.

Sasa msikatae kisima. Muulizeni mwanasiasa wenu maswali haya mbele ya watu: ruhusa ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iko, maji yamepimwa floridi na majibu ni ngapi, stima ya pampu atalipa nani, na filta ikichoka? Akianza kukasirika kwa swali la pili mmeshajua.

Tuliitwa mkutano wa maoni ya bajeti, tukapewa soda na mkate, tukatia sahihi, tukaenda. Barabara yetu haikuingia. Hiyo sahihi ilikuwa ya nini?
*Mtu wa Boda*

Ya soda. Pole, nacheka lakini inauma. Mlifika wakati chakula kimeshapikwa mkaulizwa tu kama chumvi inatosha. Bajeti ya kaunti inaanza mapema sana, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mikakati ya fedha 28 Februari, makadirio yenyewe 30 Aprili, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Sasa wewe ukienda Mei ukasema barabara yangu, unaambiwa ooh tumeandika, na ni kweli wameandika, kwa kitabu ambacho hakuna mtu atafungua. Enda Julai, Agosti, wakati ule mpango wa mwaka unaandikwa. Na msiende kila mtu na barabara yake. Watu wa boda wa wadi nzima kaeni chini mchague moja, ile inaenda zahanati ama sokoni, mwandike wote mtie sahihi hapo, hiyo sasa ni sahihi ina kazi.

Kama ni barabara ilitengewa pesa na hamwoni kitu, kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakuruhusu kuomba mkataba, pesa ngapi, kontrakta nani. Andika kwa Kiswahili, hakuna shida. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nimeona barua moja ya aina hiyo ikitoa greda mahali maandamano mawili yalishindwa, sijui aliyekuwa ofisini aliogopa nini.

Unatufundisha sana lakini wewe ulipokuwa diwani ulifanya nini?
*Nakujua*

Nilijua utakuja. Kalavati mbili na choo cha soko, pesa ilikuwa ya LATF, ile asilimia 5 ya kodi ya mapato mabaraza yalikuwa yanagawiwa kwa sheria ya 1998. Choo kilifungwa kwa sababu hatukufikiria nani atalipa maji, na hilo kosa ni langu, nilikuwa na haraka ya kukifungua kabla ya kura. Kalavati moja ilichukuliwa na mafuriko. Ile nyingine bado iko, nilipita juma lililopita nikapata mama fulani ameweka kibanda cha mboga juu yake, nikasimama nikitaka kumwambia akae kando kidogo mdomo wa mtaro usizibwe, akaniangalia akaniuliza, "Mzee, wewe ni askari wa kanjo?" Nikanunua sukuma ya 20 nikaenda zangu.