Usanifu wa Programu Huanzia Mwaloni

Vijana wengi wanaonijia hapa Mwanza kutaka ushauri juu ya kazi ya kutengeneza programu huanza kwa kuniuliza wajifunze lugha ipi ya programu. Mimi huwauliza wanataka kumtengenezea nani, na mtu huyo anazipigaje hesabu zake leo, kabla hawajamfikia. Naamini kwa dhati kwamba usanifu wenyewe umo katika swali hilo. Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ambacho kimeieneza sana mbinu hii ya kufikiri, hufundisha hatua tano: kumwelewa mtumiaji, kulifafanua tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza mfano na kuujaribu. Kwa uzoefu wangu hatua ya kwanza ndiyo inayozibeba nyingine nne, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa haifanyiki ofisini.

Nitaeleza kwa kazi moja niliyoifanya na wenzangu. Matajiri wa mitumbwi ya dagaa, yaani wenye mitumbwi, upande wa Igombe kwenye Ziwa Victoria walihitaji programu ya simu ya kutunzia hesabu: mavuno ya kila usiku, matumizi ya mafuta, chakula na taa, kisha mgawo wa wavuvi. Aliyezoea programu za maduka angeweka ripoti ya mwezi, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe ya mwisho, na asingeona sababu ya kuuliza. Lakini dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, hivyo mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi hupumzika nchi kavu. Kipindi cha kazi ni giza, na hesabu hufungwa giza likiisha. Mama mmoja mwenye mitumbwi, alipoiangalia karatasi tuliyomchorea, aliniambia, "Mwanangu, hii tarehe moja imeingiaje hapa? Tarehe moja inaweza kutukuta tuko kazini, matumizi yameshatoka na mgawo bado." Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo hauendi sambamba na kalenda ya ukutani, na ripoti yetu ingelikata giza moja vipande viwili, kimoja kikionyesha hasara na kingine faida, ilhali vyote viwili si kweli.

Mwenzangu mmoja alipendekeza programu ikokotoe yenyewe siku za giza. Hesabu hiyo inawezekana kabisa, ila upepo, nyavu zilizochanika au injini iliyoharibika vinaweza kumfanya tajiri mmoja aanze kazi siku tofauti na jirani yake. Tukaamua kwamba giza liwe kitu kinachojitegemea katika kanzidata, yaani majedwali ambamo programu huhifadhi taarifa, likifunguliwa na kufungwa na mwenye mtumbwi mwenyewe. Uamuzi huo uligusa karibu kila jedwali, na kwa kuwa hatukuwa tumeandika msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, gharama yake ilikuwa karatasi tulizozichora upya. Vivyo hivyo kwa vipimo: dagaa wabichi hupokelewa kwa ndoo na wakavu huuzwa kwa gunia, nasi tukaviacha vipimo hivyo kama vilivyo, kwa sababu kulazimisha kilo kungezaa takwimu ambazo hakuna mtu mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia dagaa, angeweza kuzihakiki.

Jambo jingine hulioni mpaka ukae karibu. Yule mama alikuwa anapokea ndoo kwa mikono yake, vidole vimelowa na kujaa magamba, na skrini ya kugusa haishiki sawasawa kidole chenye maji. Hivyo simu aliishika binti yake. Mama anataja, binti anabonyeza, kisha mama anainama kidogo kuangalia kama tarakimu ndiyo aliyoisema. Tangu siku hiyo tulimhesabu mtumiaji kuwa watu wawili: tarakimu tukazikuza zisomeke na aliyesimama pembeni, na hakuna kilichohifadhiwa kabla ya kuonyeshwa chote pamoja kwenye ukurasa mmoja. Mahojiano ya ukumbini, hata yakiwa marefu namna gani, yasingetuonyesha hilo, maana mama mwenyewe akiulizwa angejibu kwamba anatumia simu.

Historia ya M-Pesa inaniunga mkono katika hili. Majaribio yake nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga watu warejeshe mikopo midogo kwa simu, lakini waliojaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wakisimamia waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007 kazi yake kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Jaribio huwa na faida pale tu unapokubali kwamba mtumiaji anaweza kukuonyesha kazi tofauti na uliyoikusudia.

Wavuvi wengi wana simu ndogo za vitufe, kwa hiyo taarifa ya mgawo tuliituma kwa ujumbe mfupi, wenye nafasi ya herufi 160. Hapa nina tahadhari kwa wenzangu wa kanda hii. Majina mengi ya Kisukuma yana Ng'w, na orodha ikitoka kwenye kompyuta, ile alama ya juu mara nyingi huwa imejipinda. Alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za ujumbe mfupi. Ikiingia moja tu, nafasi hushuka hadi herufi 70, ujumbe hukatika vipande na gharama huongezeka. Igeuzeni iwe iliyonyooka kabla ya kutuma.

La mwisho ni gumu zaidi. Anayelipia programu ni tajiri, lakini wavuvi nao wanaishi kwa hesabu hiyo, kwani matumizi hutolewa kwanza ndipo kinachobaki kigawanywe. Ukimsikiliza mlipaji peke yake, utatengeneza chombo cha kuficha matumizi. Sisi huliuliza jambo hili siku ya kwanza, na huliandika katika makubaliano: giza likifungwa, kila mvuvi apokee ujumbe wenye jumla ya mauzo, matumizi na fungu lake. Wapo matajiri waliokataa sharti hilo, na hatukuwafanyia kazi. Waliolikubali huulizwa na wavuvi bei ya mafuta, nao hujibu wakiwa wameishika risiti mkononi.