Maswali ya Wasomaji: Kulaza Biri

SWALI: Ndugu mhariri, nimeletewa kasha la biri 25 kutoka Kuba. Ya kwanza ilinikaba koo, na harufu yake kama banda la kuku. Jamaa yangu ananishauri nizilaze, yaani nizitunze bila kuzivuta, mwaka mzima. Zitabadilika kweli? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Zitabadilika, ndugu yetu, na jamaa yako amekushauri vizuri. Hiyo harufu ya banda la kuku ni amonia. Kabla ya kusokotwa, majani ya tumbaku hurundikwa yakiwa na unyevu. Rundo hupata joto lenyewe, na humo ndimo amonia hutoka. Biri ikisokotwa kabla majani hayajatulia, gesi hubaki ndani na huendelea kutoka polepole. Kwanza geuza kasha utazame chini: biri za Kuba hupigwa mhuri wenye herufi tatu za mwezi kwa Kihispania, kisha mwaka. ABR 23 ni Aprili 2023. Hesabu umri kuanzia hapo, si siku uliyoletewa.

Miezi 6 mara nyingi hutosha kuondoa harufu hiyo. Baada ya mwaka mmoja au miwili ukali wa kooni hupungua, na ladha zilizokuwa zikigombana (pilipili, mbao, kahawa, ngozi) huanza kushikana. Hapo ndipo biri nyingi huwa tamu kuliko wakati wowote. Lakini muda unaoondoa ukali huondoa na nguvu. Mafuta yanayobeba harufu huruka kidogo kidogo, na biri nyepesi yenye jani la nje la kahawia hafifu inaweza kuchuja ikabaki na ladha ya karatasi. Inayovumilia miaka mingi ni ile iliyojazwa majani ya juu ya mche, yaliyopigwa jua zaidi, mazito na yenye mafuta.

Usizilaze zote ukasubiri. Vuta moja kila baada ya miezi 3, saa ileile, baada ya chakula kilekile, na kinywaji kimoja: maji au kahawa chungu isiyo na sukari. Andika mambo matatu: theluthi ya kwanza, ya kati na ya mwisho zilikuwaje. Vuta biri mara moja tu kwa dakika. Anayevuta harakaharaka huipasha moto kupita kiasi, ikawa chungu, kisha akailaumu biri. Jambo moja lieleweke: kulaza hulainisha ladha tu, madhara ya moshi yako palepale.

SWALI: Biri zangu zimetobolewa vitundu vya mviringo kama vimechomwa na sindano, na chini ya kasha kuna unga. Kosa liko wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni mdudu wa tumbaku. Mayai yake huja ndani ya majani tangu ghalani, na joto likipita nyuzi 24 huanguliwa. Pwani yetu joto hilo lipo karibu mwaka mzima, kwa hiyo kosa ni la chumba. Zilizotobolewa zitupe. Zilizobaki zitie kwenye mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, ukamue hewa. Ziweke ndani ya friji siku 1, kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku 3, zirudishe frijini siku 1, kisha chumbani siku 1 kabla ya kufungua mfuko. Usiruke hatua ya frijini: joto likibadilika ghafla, jani la nje linaweza kupasuka.

Baada ya hapo zitunze kwenye nyuzi 16 hadi 20. Chumba chenye kiyoyozi na deli la plastiki lenye mfuniko mzito vinatosha. Deli halipozi, ila huzuia joto lisipande na kushuka umeme unapokatika. Ndani weka pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 65. Sponji iliyoloweshwa maji, kwa Mombasa, ni kualika ukungu.

SWALI: Fundi wangu anazo mbao za sedrela. Zinafaa kwa kasha? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Zinafaa sana. *Cedrela odorata* ndiyo mbao ya makasha ya biri duniani kote, na Morogoro imejaa. Kule msitu wa Kimboza imekuwa mti vamizi. Hakikisha mbao imekauka sawasawa, la sivyo utomvu utatoka na kunatisha biri. Ndani usipake vanishi. Kipima unyevu utakachoweka ndani ya kasha kijaribu kwa chumvi: ijaze kwenye kizibo cha chupa, dondoshea maji mpaka chumvi iwe kama mchanga mbichi, kisha kifungie na kipimo ndani ya mfuko saa 24. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 71, ongeza 4 kila unapokisoma.

SWALI: Rafiki amenipa biri ya miaka 8, anaisifu mno. Mimi niliiona imepooza. Ulimi wangu una kasoro? – Msomaji, Muscat

JIBU: Hauna. Aliyezoea kahawa kali na pilipili huitafuta nguvu, na biri ya miaka 8 imeshaiacha. Ila kabla ya kuhukumu, ibonye biri nyingine ya kasha la rafiki yako karibu na mguu wake, yaani ncha inayowashwa. Ikilia kama jani kavu, kiyoyozi kimeikausha, nayo biri kavu huungua haraka na kupoteza ladha. Ilaze kwenye asilimia 62 wiki 2, kisha asilimia 65 wiki 4. Ukiilowesha kwa pupa itapasuka. Ikibaki imepooza hata hapo, mwachie rafiki yako za miaka 8, wewe nunua za mwaka mmoja.